Volti za kati ya wapi na wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa kwa vijana wanaojifunza ufundi umeme na mafundi wa mitaani waliokutana Chang'ombe, Dar es Salaam. Waliokosa nafasi ya kufika wameomba niiandike yote, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Michoro ya ubaoni nimeieleza kwa maneno. Chukua kalamu na karatasi, uichore mwenyewe unavyosoma.

Asalaam aleikum! Bwana asifiwe! Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Tuingie kwenye hesabu moja kwa moja. Nina betri ya volti 12. Nimechukua rezista mbili, yaani vipande vya kukinza mkondo wa umeme, ambavyo ukinzani wake unapimwa kwa ohmu, moja ya ohmu 1,000 na nyingine ya ohmu 2,000, nikazifunga kwa mfuatano. Mkondo unatoka chanya ya betri, unapita rezista ya kwanza, unapita ya pili, unarudi hasi. Njia ni hiyo moja tu. Swali langu: rezista ya ohmu 1,000 inapitisha mkondo kiasi gani?

Nasikia huku kushoto: miliampea 12, yaani sehemu 12 za elfu za ampea. Wangapi mnakubaliana naye? Inueni mikono. Naona ni wengi. Ahsanteni kwa kujibu bila woga, maana jibu hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Mmechukua volti 12, mkagawa kwa ohmu 1,000. Kanuni ya Ohm mnaijua: volti, yaani msukumo wa umeme, ni mkondo mara ukinzani, na ukitaka mkondo unagawa volti kwa ukinzani. Kanuni ni sahihi. Kugawanya, mmegawanya vizuri. Lakini jibu mmekosa. Mkondo ni miliampea 4. Inawezekanaje kanuni iwe sahihi, kugawanya kuwe sahihi, halafu jibu liwe la uongo?

Ni kwa sababu zile volti 12 hazikuwa za rezista ile. Volti 12 zina mwenyewe, na mwenyewe ni betri: zipo kati ya chanya na hasi. Kati ya ncha mbili za rezista ya ohmu 1,000 mna volti 4 tu. Mmechukua volti za betri mkazigawa kwa ohmu za rezista moja. Mmechanganya mali ya watu wawili.

Ndugu zangu, nimefundisha somo hili kwa muda mrefu, na kosa ninalolikuta kuliko yote ni hili. Nalikuta kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, nalikuta kwa fundi mwenye mvi. Kila namba kwenye saketi, yaani njia nzima ya umeme, ina mwenyewe! Ukisikia volti, uliza: za kati ya wapi na wapi? Ukisikia mkondo, uliza: unapita wapi? Ukisikia ohmu, uliza: za kipande gani? Kanuni ya Ohm inataka namba tatu za kipande kimoja. Ukiilisha namba za vipande tofauti haitakukatalia. Itakupa jibu, na jibu hilo litakuunguzia bodi ya mteja.

Huyu Ohm alikuwa nani? Nimzungumzie kidogo, kwa sababu yeye kosa hili hakulifanya.

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Baba huyo hakusoma chuo, hesabu alijifundisha mwenyewe, akawafundisha na wanawe nyumbani. Vijana wa gereji mliomo humu, mnasikia? Jina linalotajwa kwenye kila darasa la umeme duniani ni la mtoto wa fundi.

Miaka ya 1820 Ohm alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya mjini Köln. Alitaka kujua jambo moja: waya ukirefushwa, mkondo unapungua kwa kiasi gani? Chanzo cha umeme cha siku hizo kilikuwa betri ya aina aliyoibuni Volta mwaka 1800, na betri hizo zilikuwa zinasumbua. Ukishaunganisha waya tu, nguvu inaanza kushuka. Unapima sasa hivi unapata hivi, unapima baadaye kidogo unapata vingine. Utajengaje kanuni juu ya chanzo kinachoyumba? Mhariri wa jarida moja la sayansi, Poggendorff, akamshauri aachane na betri hizo atumie kitu alichokigundua Seebeck miaka michache kabla: metali mbili tofauti zikiunganishwa, kiungo kimoja kikawekwa kwenye joto na kingine kwenye baridi, umeme unatokea. Ohm akaunganisha bismathi na shaba. Kiungo kimoja akakitia kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Maji yanayochemka hayapandi joto tena hata uongeze kuni, na barafu inayoyeyuka inabaki pale pale. Basi na volti zake zikatulia. Akafunga vipande vya waya wa shaba, kifupi, kirefu, kirefu zaidi, na kila mara akaupima mkondo kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa, ambayo inageuka mkondo ukipita.

Sasa sikilizeni vizuri. Kanuni aliyoipata mwaka 1826 haikuwa ile fupi mliyoikariri. Aliandika kwamba mkondo ni a, ikigawanywa kwa b jumlisha x. Herufi x ni waya anaoupima. Herufi a ni nguvu ya chanzo. Na b ni nini? b ni ukinzani wa kila kitu kilichobaki kwenye saketi, pamoja na chanzo chenyewe! Hakugawa nguvu ya chanzo kwa waya wake peke yake. Alihesabu njia yote, kuanzia inapotoka hadi inaporudi. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1827, kikapokelewa kwa ubaridi kwao, na mwaka 1841 Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, ikamtunuku medali ya Copley. Kwangu mimi heshima yake kubwa ipo kwenye ile b. Wengi wetu leo tunaisahau.

Na b bado ipo. Imo ndani ya betri ya gari lako. Dereva mmoja wa teksi wa Buguruni alikuja na malalamiko: "Fundi, betri ni nzima, mita inasoma 12.5, lakini gari haliwaki." Tukaacha mita kwenye vichwa vya betri, tukawasha taa mbili za mbele, ambazo zinakula karibu ampea 10. Mita ikashuka hadi 10.5. Volti 2 zimekwenda wapi? Zimebaki humo humo ndani ya betri, juu ya ukinzani wake wa ndani. Volti 2 gawa kwa ampea 10, unapata ohmu 0.2. Inaonekana ndogo, siyo? Lakini volti 12.5 gawa kwa ohmu 0.2 ni ampea 62.5, na hicho ndicho kikomo cha betri ile, hata ikikutana na shoti kabisa. Starta ya gari inataka zaidi ya ampea 100. Itazungushwa na nini? Ile 12.5 aliyoisoma ilikuwa ya betri isiyofanya kazi yoyote. Betri ipimwe ikiwa imebeba mzigo, jamani!

Turudi kwenye rezista zetu mbili.

Katika mfuatano njia ni moja, mkondo hauna pa kuchepukia. Mkondo unaoingia rezista ya kwanza ndio unaotoka, ndio unaoingia ya pili, ndio unaorudi kwenye betri. Mkondo hauliwi! Nasema tena, mkondo hauliwi. Nishati ndiyo inayotumika, inageuka joto au mwanga. Kwa hiyo mkondo ni mmoja kwa wote, na ukinzani wa njia nzima ni jumla: 1,000 na 2,000 ni ohmu 3,000. Hapo sasa volti 12 zimekutana na ohmu zinazolingana nazo, za njia nzima kwa njia nzima. Volti 12 gawa kwa ohmu 3,000 ni miliampea 4. Ukishapata mkondo, rudi kwa kila rezista na namba zake mwenyewe: miliampea 4 mara ohmu 1,000 ni volti 4, miliampea 4 mara ohmu 2,000 ni volti 8. Nne na nane ni kumi na mbili. Zimetimia. Zisipotimia usiendelee, kuna mahali umekosea.

Mwenye ukinzani mkubwa anachukua volti nyingi. Mnaona uzuri wake? Volti zimegawanyika kwa uwiano ule ule wa ohmu, moja kwa mbili. Na uzuri huu ndio unaowaponza vijana. Nitasimulia.

Kijana mmoja wa Mbagala, fundi wa simu, mwenye akili na mwenye bidii, aliombwa na dereva wa bajaji amtengenezee sehemu ya kuchaji simu. Betri ya bajaji ni volti 12, simu inataka volti 5. Akawaza: nitazigawa volti kwa rezista mbili. Akachukua ya ohmu 680, yenye mistari ya bluu, kijivu na kahawia. Akachukua ya ohmu 470, njano, zambarau na kahawia. Akazifunga kwa mfuatano. Jumla ni ohmu 1,150. Mkondo ni 12 gawa kwa 1,150, yaani miliampea 10.4. Volti za juu ya ile ya 470 ni kama 4.9. Akapima kwa mita: 4.9! Hesabu na mita vimekubaliana. Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi.

Akachomeka simu. Alama ya kuchaji ikaonekana, ikazima. Akachomoa, akapima, 4.9. Akachomeka tena, ikazima. Akahitimisha kuwa simu ina shoti. Akajaribu simu nyingine, nayo vile vile. Akaja kwangu.

Nikamwambia, weka simu za watu pembeni zisije zikaumia. Simu inayotaka nusu ampea kwa volti 5 ni kama ohmu 10. Funga rezista ya ohmu 10 mahali pa simu, upime. Mita ikasoma 0.17. Siyo volti 4.9. Siyo hata volti moja. Sifuri nukta moja saba!

Kwa nini? Nani atanisaidia? Naam, mama uliye pale nyuma, sema kwa sauti... Sawasawa kabisa. Simu imeingia sambamba na ile ya 470, yaani zote mbili zimeshika ncha mbili zile zile. Tangu hapo ile 470 haiko peke yake. Rezista mbili zilizo sambamba, zidisha namba zao, gawa kwa jumla yao: 470 mara 10 ni 4,700, gawa kwa 480, unapata ohmu 9.8. Ohmu 470 zimegeuka ohmu 9.8! Sasa njia nzima ni 680 jumlisha 9.8, kama ohmu 690. Mkondo ni 12 gawa kwa 690, miliampea 17.4. Volti za sehemu ya simu ni miliampea 17.4 mara ohmu 9.8, ndiyo ile 0.17.

Kuna njia fupi zaidi ya kuliona, na kwenye kazi naipenda hiyo. Ile ya 680 imekaa njiani. Hata ungeipa volti zote 12 za betri, itapitisha miliampea 17.6 na si zaidi. Simu inataka miliampea 500. Kijana angefanya hesabu hiyo moja kabla ya kushika solda, asingepoteza siku nzima.

Akauliza swali zuri: nikitumia rezista ndogo mara mia je? Ohmu 6.8 na ohmu 4.7. Nikamwambia kaa chini ukokotoe. Bila simu, mkondo ni 12 gawa kwa 11.5, zaidi kidogo ya ampea 1, na betri inakwisha hata kama hakuna anayechaji. Ukichomeka simu, 4.7 sambamba na 10 ni ohmu 3.2, njia nzima ni ohmu 10, mkondo ampea 1.2, simu inapata volti 3.84. Bado haitoshi. Na ile ya 6.8 inatoa joto la wati 9.8, wakati rezista ndogo za dukani ni za robo wati. Ingeungua pale pale, na bajaji ina kiti cha sponji. Kazi ile ni ya saketi ya kushusha volti inayojirekebisha mzigo ukibadilika. Ndiyo iliyomo ndani ya chaja za gari. Rezista mbili za kugawa volti zina kazi yake: kupeleka volti za kupimwa mahali pasipovuta mkondo wa maana. Ukizivutisha mkondo, mgawanyo unavunjika.

Somo la mfuatano lipo pia kwenye ukuta wa nyumba yako, na pale linalipiwa LUKU. Waya ni rezista. Tunauchora ubaoni kama hauna ukinzani, lakini unao. Waya wa shaba wa urefu wa mita 1 na unene wa milimita 1 ya mraba una ohmu 0.0172 hivi. Mtu amevuta ekstensheni ya mita 40 kwenda banda la uani, kwa waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, kwa sababu dukani ulikuwa wa bei nafuu. Mita 40 kwenda, mita 40 kurudi. Msisahau kurudi! Mita 80 za waya huo ni ohmu 1.83. Huko mwisho amechomeka jagi la umeme la wati 2,000, ambalo kwa volti 230 lina ukinzani wa ohmu 26.5. Njia nzima ni ohmu 28.3, mkondo ni ampea 8.1. Volti zinazobaki njiani ni 8.1 mara 1.83, karibu 15. Jagi linapata 215. Maji yatachelewa kidogo kuchemka, hilo ni dogo. Jambo kubwa ni kwamba volti 15 mara ampea 8.1 ni wati zaidi ya 120 zinazogeuka joto ndani ya waya. Umezilipia, na hazijakuchemshia hata kikombe. Na kama nusu ya waya huo umeuacha umevingirishwa chini ya godoro, joto lile litapata wapi pa kutokea?

Wenye sola, kwenu hili ni kali zaidi. Betri ya volti 12, waya wa milimita 1.5 za mraba, mita 20 kwenda na 20 kurudi, ni ohmu 0.46. Taa na vitu vya wati 60 kwa volti 12 ni ohmu 2.4. Njia nzima ohmu 2.86, mkondo ampea 4.2, na volti karibu 2 zinabaki kwenye waya. Volti 2 kati ya 230 huzioni. Volti 2 kati ya 12 ni moja ya sita ya umeme wako wote! Halafu mtu anailaumu paneli.

Sasa sambamba.

Katika sambamba mambo yanageuka. Vipande vyote vimekaa kati ya ncha mbili zile zile, kwa hiyo volti ni moja kwa wote, na mikondo ndiyo inayogawanyika. Mwaka 1845 kijana wa miaka 21, Gustav Kirchhoff, akiwa bado mwanafunzi mjini Königsberg, alitoa kanuni mbili ambazo tumekuwa tukizitumia asubuhi hii yote bila kuzitaja. Moja: ukizunguka njia iliyofunga, volti za chanzo ni sawa na jumla ya volti zilizotumika njiani. Ndiyo ile nne na nane ni kumi na mbili. Ya pili: kwenye kiungo cha nyaya, jumla ya mkondo unaoingia ni sawa na jumla ya mkondo unaotoka. Wa Temeke mnaijua Tazara: magari yanayoingia makutano yale kutoka uwanja wa ndege yanagawanyika, mengine Buguruni, mengine upande wa bandari, mengine yananyoosha mjini. Yahesabu yanayotoka kote, utapata yale yale yaliyoingia.

Dada mmoja wa Sinza ana saluni. Alinionyesha plagi ya ekstensheni iliyobabuka, plastiki yake imekuwa ya kahawia, akasema siku hiyo umeme ulikuja mwingi. Nikapima soketi: 229. Umeme ulikuwa ule ule wa siku zote. Nikamuuliza alikuwa amewasha nini. Draya ya wati 1,800 na jagi la wati 2,000, vyote kwenye ekstensheni moja. Kila kimoja kinapata volti 230, kwa kuwa viko sambamba. Draya inavuta 1,800 gawa kwa 230, ampea 7.8. Jagi linavuta ampea 8.7. Zinakutana kwenye waya mmoja wa ekstensheni: ampea 16.5. Ekstensheni imeandikwa ampea 13.

Akaniuliza, mbona fyuzi haikukatika? Fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo ikipitishiwa 16. Inaweza kuvumilia muda mrefu, na muda wote huo plagi inapika. Mmeelewa, wapendwa? Kila kitu unachoongeza sambamba kinafungua njia mpya, na njia zikiongezeka ukinzani wa jumla unashuka. Draya ni ohmu 29.4, jagi ni ohmu 26.5, kwa pamoja ni ohmu 13.9 tu. Ukinzani wa vitu vilivyo sambamba daima ni mdogo kuliko wa kile kidogo kuliko vyote. Ukikokotoa ukapata zaidi ya hapo, futa uanze upya.

Na vikichanganyika, mfuatano na sambamba pamoja? Usiogope mchoro. Volti 24, rezista ya ohmu 4 kwa mfuatano na kundi la mbili zilizo sambamba, ohmu 6 na ohmu 12. Anza ndani: 6 mara 12 ni 72, gawa kwa 18, ni ohmu 4. Njia nzima ni ohmu 8. Mkondo kutoka kwenye chanzo ni ampea 3. Rezista ya kwanza inachukua 3 mara 4, volti 12. Kundi linabakiwa na volti 12. Sasa ndani ya kundi: 12 gawa kwa 6 ni ampea 2; 12 gawa kwa 12 ni ampea 1. Mbili na moja ni tatu. Unakunja mchoro hadi unabaki na namba moja, kisha unaukunjua ukirudisha kila kipande namba zake.

Kuhusu mita nitasema kwa kifupi, maana mtaishika hivi punde. Volti zipo kati ya sehemu mbili, kwa hiyo ncha za mita zinawekwa kwenye sehemu hizo mbili, saketi ikiwa nzima. Mkondo unapita, kwa hiyo lazima ukate njia uiweke mita ipitiwe. Upande wa ampea wa mita una ukinzani mdogo sana. Ukiuweka kati ya chanya na hasi ya betri umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe. Aliyeelewa swali la leo hahitaji kukariri hili.

La mwisho, na hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa tumezika vijana.

Kila mwaka nasikia ubishi: kinachoua ni volti au ni ampea? Kinachodhuru ni mkondo unaopita mwilini, hasa ukipita kifuani. Lakini mkondo huo unasukumwa na volti zilizo kati ya sehemu mbili za mwili wako. Mwili uliolowa jasho, miguu peku kwenye sakafu ya maji, ukinzani wake unaweza kushuka hadi karibu ohmu 1,000. Kwa joto la hapa Dar, nani humu ndani hajalowa jasho? Volti 230 gawa kwa ohmu 1,000 ni miliampea 230. Breka ya kulinda watu, ile inayokata umeme ukivuja, imewekwa ikate kwenye miliampea 30. Mia mbili thelathini, dhidi ya thelathini!

Mtu ataniambia: mbona kunguru anatua juu ya waya na hafi? Uliza swali lile lile: volti za kati ya wapi na wapi? Miguu yake yote miwili iko kwenye waya mmoja, sentimita chache kutoka mguu hadi mguu, na kipande hicho cha waya kina ukinzani mdogo mno. Volti kati ya miguu yake ni karibu na sifuri. Wewe mkono wako uko kwenye waya na mguu wako uko ardhini. Volti zako ni zote 230. Kwa hiyo zima mein swichi, na ukishazima, pima. Pima kati ya laini, yaani waya wa moto, na nyutro, yaani waya wa kurudishia mkondo, pima kati ya laini na ardhi, pima kati ya nyutro na ardhi. Zote tatu. Swichi inaweza kuwa imefungwa kwenye nyutro na aliyekutangulia, taa ikazima na waya wa moto ukabaki na moto wake.

Sasa tunakwenda mezani. Kila meza ina betri ya volti 9 na rezista tatu. Ya ohmu 220 ifungeni kwa mfuatano na kundi la mbili zilizo sambamba, ohmu 330 na ohmu 470. Kabla ya kugusa mita, andikeni kwenye karatasi volti za kila rezista na mkondo wa kila rezista, na pembeni ya kila namba mwandike mwenyewe: za kati ya wapi na wapi, unapita wapi. Kisha pimeni. Mstari wa dhahabu mnaouona kwenye rezista unaruhusu ipotoke kwa asilimia 5, kwa hiyo tofauti ndogo msiihangaikie. Na betri pimeni ikiwa imebeba mzigo. Meza itakayoona karatasi na mita vimepishana sana isifute kitu. Niiteni, tutafute pamoja namba ipi imechukuliwa mahali pasipo pake.